Asilimia Mbili Kila Jumatatu

Dukani walimwita Mama Taa, na jina hilo lilimganda mpaka mumewe mwenyewe akaliokota na kulipeleka nyumbani. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na tatu ya kazi nyuma ya kaunta ileile. Alianza zama za balbu za kioo chembamba, na sheria ya duka ilikuwa moja tu: balbu haitoki mpaka ijaribiwe mbele ya mteja. Unaichomeka, inawaka, mteja anaridhika, unaichomoa ikiwa bado ya moto na kuifunga kwenye karatasi. Alizichomoa kwa maelfu, hadi ncha za vidole vyake vya kulia zikaacha kuhisi joto. Angeweza kushika kikombe cha chai iliyotoka jikoni dakika hiyohiyo asikunje uso, na wageni walipomshangaa alikuwa akiwaambia hiyo ndiyo pensheni yake.

Mume naye alimpata hapohapo kaunta. Alikuwa fundi cherehani, mrefu, mchaguzi kupita kiasi, aliyekuja kununua balbu ndogo ya cherehani akakataa tatu mfululizo. Hii inapepesa, hii ina uvivu, hii inaona haya. Ya nne alisema inamtazama vizuri kama muuzaji wake. Maneno ya kipuuzi, lakini msichana alicheka, na akicheka msichana shughuli imekwisha. Walioana, wakazaa wawili, wakawasomesha, watoto wakaenda kufanya kazi miji ya mbali, na wao wakabaki na nyumba yao ya vyumba vitatu. Kimoja cha vyumba hivyo kilikuwa cha kazi, na humo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukaa hovyo, maana kila kiti kilikuwa na pini.

Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja, na jirani alikuwa amejenga ukuta hatua moja kutoka kwenye dirisha hilo. Kwa hiyo iwe asubuhi, iwe mchana, Fundi alishona kwa taa. Alishona vizibao, makoti na sare za hoteli, na kola zake zilikuwa habari nyingine. Watu walivuka mitaa miwili yenye mafundi kuja kwake kwa sababu ya kola tu.

Taa janja zilipoingia dukani, bosi aliwakusanya wauzaji kwenye chumba cha maonyesho. Bosi alikuwa kijana aliyerithi duka kwa baba yake, pamoja na rafu, kaunta na Mama Taa. Akawafundisha faida zake. Taa hizi unazitawala kwa simu ukiwa popote. Umesahau kuzima sebuleni, unazima ukiwa kazini. Umesafiri, zinajiwasha jioni na kujizima zenyewe, mwizi akapita akidhani mpo mezani mnakula. Bibi akiamka kwenda msalani, korido inawaka kabla hajajikwaa. Asubuhi mwanga unapanda taratibu, mtoto anaamka bila kugombezwa. Na umeme unapungua, maana unawasha kiasi unachohitaji, wala si zaidi. Yote yalikuwa kweli, na Mama Taa aliyashika kwa siku moja.

Kisha bosi akawafundisha mbinu ya kuuzia. Mteja akiketi kwenye kochi la maonyesho, mpe soga, na huku chini ya kaunta punguza mwanga asilimia mbili. Ongea tena, punguza mbili nyingine. Ukifika sabini mwonyeshe namba kwenye simu, umwambie umeme wote huo angekuwa ameuokoa na hakukosa kitu. "Ukienda mbilimbili hakuna atakayejua," bosi alisema. "Jicho la mtu linazoea." Mchana ule Mama Taa alimjaribu bosi mwenyewe wakati anakula. Akala chakula chake chote, akajifuta mdomo, na hakujua kwamba amemalizia kwenye nusu giza. Wauzaji walicheka mpaka wakaishiwa nguvu.

Ili wasiuze wasichokijua, kila muuzaji alipewa seti moja aende nayo nyumbani. Yake aliifunga juu ya cherehani ya mumewe, akaiweka asilimia arobaini. Fundi alisema ni mwanga wa kifalme. Simu yake ilikuwa ya vitufe, mambo ya kutawala taa hakuyataka, akamwachia mkewe. "Wewe ndiye shirika la umeme la nyumba hii," angesema mwingine, ila yeye alisema tu, "Wewe washa, mimi nishone."

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata walikwenda hospitali, kwa sababu Fundi alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye fremu za milango ambayo ameipita miaka ishirini. Daktari wa macho, mama mmoja mfupi asiyezungusha maneno, alisema ni presha ya macho. Akampa dawa ya matone na kuwaeleza wote wawili. "Kilichopotea hakirudi. Tunalinda kilichobaki. Dawa hii huwasaidia wengi, si wote. Kwa hiyo nisikilizeni. Ukiona mwanga uliokutosha jana leo haukutoshi, usingoje tarehe yako. Njoo nikubadilishie dawa, au tufanye upasuaji mdogo. Tukiwahi, utashona mpaka uchoke mwenyewe."

Mama Taa aliandika maneno hayo kwenye simu yake, yote, bila kuruka hata moja. Hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe kigumu kukisimulia. Hakuwa mtu asiyejua.

Wiki chache baadaye, Jumapili alasiri, Fundi alitoka chumbani na kizibao mkononi, akakiweka juu ya meza ya chakula, akaketi. Alikuwa ametia uzi wa kahawia kwenye kitambaa cheusi. "Nadhani macho yananiaga," alisema. Hakulia wala hakulalamika. Alirudi chumbani akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, na cherehani ile ilikuwa haijawahi kufunikwa mchana tangu wahamie.

Kesho yake, Jumatatu saa nne asubuhi, duka likiwa halina wateja, Mama Taa alitoa simu. Alipaswa kumpigia daktari. Namba ilikuwepo. Badala yake alifungua taa ya nyumbani, akasukuma kidole kutoka arobaini hadi arobaini na nne. Alijiambia ni ya leo tu, ili mtu apate moyo wa kuamka, hospitali wataenda wiki ijayo. Aliporudi jioni alimkuta Fundi anashona huku anapiga mluzi.

"Dawa imeanza kushika," Fundi alisema. "Leo nimeona mpaka vumbi la chaki."

Mwanamke yeyote aliyewahi kumpenda mtu atajua kwa nini hakusema kitu. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akausikiliza mluzi ule, na furaha ikampanda kooni. Wiki ijayo ikaja. Mluzi ulikuwa umepungua. Akaongeza mbili.

Hivyo ndivyo Jumatatu ilivyopata kazi yake. Saa nne asubuhi, baada ya kufagia na kupanga rafu, anatoa simu na kuongeza mbili. Arobaini na sita, arobaini na nane, hamsini. Mbinu ya bosi haikuwahi kufanya kazi vizuri namna hiyo. Fundi alikuwa akimsimulia kila aliyekuja kupimwa jinsi matone yale yalivyo moto wa kuotea mbali. Hata jirani mmoja mwenye tatizo kama lake, Fundi alimshauri naye aende kwa yule daktari mfupi.

Walipofika hamsini na nane, Mama Taa alianza kuogopa. Usingizi ulimpaa. Alijua anamtia mume wake mchanga wa macho, na alijua kwamba safari hii si msemo tu. Kila Jumapili alijiambia kesho nitasema, na kila Jumatatu alifikiria cherehani iliyofunikwa.

Mwezi wa nne tarehe ya hospitali ilifika. Taa ilikuwa sitini na nne. Mashine ya kupimia upana wa kuona ilikuwa mbovu siku hiyo, kwa hiyo daktari alipima presha, akanung'unika kidogo, kisha akauliza. "Mwanga wa nyumbani unakutosha kama zamani?"

"Kuliko zamani," Fundi alisema, akitabasamu. "Muulize Mama Taa."

Daktari akamgeukia. Mama Taa aliyaona macho ya daktari yakisubiri. Alikuwa na neno moja la kusema, neno jepesi ambalo hata mtoto angeliweza.

"Anashona vizuri," alisema.

Daktari akaandika. Akawaambia warudi mwezi mmoja baadaye, mashine itakuwa imetengenezwa. Mwezi ulipokwisha, Fundi alikuwa na vizibao arobaini vya wahudumu wa hoteli, na alisema mtu anayepona hana haja ya kwenda kupanga foleni na wagonjwa. Mkewe hakumbishia. Alikuwa ameshaanza kuwa mtu asiyebisha.

Tangu siku ile kwa daktari, woga wenyewe ulimtoka Mama Taa. Usifikiri ulitoka ukaacha amani. Ulitoka ukaacha ganzi. Alikuwa akiamka, akioga, akipanda basi, akiuza. Binti yake alipopiga simu kumsalimu alijibu hatujambo, baba yako hajambo, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa dirisha la pili benki. Themanini. Themanini na mbili. Kidole kilisukuma. Usiku alilala fofofo na aliamka amechoka vilevile.

Majirani walianza kutania kwamba Fundi amefungua uwanja wa mpira. Mwanga ulipenya chini ya mlango ukamulika korido yote. Mama Taa akiingia humo alikuwa akikunja macho na kuinamisha uso, na Fundi alikaa katikati yake ameyafumbua macho yake sawasawa, kana kwamba ni saa ya magharibi. Alianza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa kupapasa na ulimi. Alikiweka kikombe ukingoni mwa meza, na Mama Taa alikisogeza bila neno. Sare moja ilirudishwa na msimamizi wa hoteli kwa sababu mfuko wa kushoto ulikuwa umeshonwa ukafungwa juu. Mama Taa alimpokea msimamizi mlangoni, akaufumua mfuko mwenyewe jikoni, akaushona upya kwa mkono, akairudisha sare. Hakuhisi uchungu wala hatia. Alihisi tu kwamba mfuko ulipaswa kufumuliwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, alitoa simu akaongeza mbili, na mstari ukafika mwisho. Mia. Alisukuma tena. Kidole kiliteleza juu ya kioo na hakuna kilichobadilika. Akakirudisha, akasukuma mara ya tatu, kisha akaiweka simu mfukoni mwa sare ya duka kwa sababu wateja walikuwa wameingia.

Walikuwa mume na mke waliooana karibuni, wamehamia nyumba yao wiki ile, bado wanashikana mikono dukani. Aliwaketisha kwenye kochi. Akawaambia faida. Taa hizi mnazitawala kwa simu mkiwa popote. Mkisahau kuzima sebuleni, mnazima mkiwa kazini. Aliwafikisha sabini bila wao kujua, akawaonyesha namba, wakashangaa na kucheka kama wote wanavyocheka.

"Na wewe nyumbani unazo?" bibi harusi aliuliza.

"Ninazo."

"Zimekusaidia kweli, au ni maneno ya kuuzia?"

Mama Taa alifikiri. Alikuwa hajafikiri kwa muda mrefu, na ilichukua nafasi. "Mume wangu ni fundi cherehani," alisema. "Anashonea taa hizo."

"Basi tunachukua," bibi harusi alimwambia mumewe. Zikafungwa seti mbili.

Alifika nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni. Nje jua lilikuwepo bado. Aliweka mkoba, akavua viatu, akafungua mlango wa chumba cha kazi akiwa tayari ameukinga uso kwa kiganja. Fundi alikuwa na kizibao cha mwisho cha oda chini ya sindano. Kilikuwa kimeshaunganishwa chote, kilichobaki ni mshono wa juu, ule mstari wa urembo unaopita pembezoni mwa kola na kushuka hadi chini. Hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa akiipenda. Kazi nyingine zote alizifanya ili afike hapo.

"Umerudi," alisema. Alikuwa amegeuka upande ambao sauti ya mlango ilitokea, kidogo kulia kwa mahali aliposimama mkewe. "Hebu niongezee mwanga kidogo. Leo kama kuna mawingu."

Tangu taa ifungwe hakuwahi kuomba. Mama Taa alitoa simu. Mia ilikuwa imekaa pale juu. Alikigusa kioo pasipo na kitu, mara moja, kwa sababu alitakiwa kufanya jambo.

"Tayari," alisema.

"Hapo sawa," Fundi alisema. "Hapo sasa naona."

Akaanza kukanyaga. Cherehani ilikwenda kwa mwendo wake uleule, wa kupumzika kwenye kona na kukimbia kwenye mnyoofu, na vidole vya Fundi vikakiongoza kitambaa kama vilivyofanya miaka yote. Mama Taa alisogea nyuma ya bega lake. Uzi ulikuwa umekatika. Kipande chake kilining'inia juu ya mashine, na sindano ilikuwa ikipanda na kushuka tupu. Fundi alimaliza kola, akashuka upande wa kulia hadi pindoni, akainua mguu wa mashine, akapitisha mkasi mahali uzi unapokatwa, akakata hewa. Kisha akampa kizibao.

"Tazama mstari huo," alisema.

Mama Taa aliutazama. Vilikuwa vitundu vidogo mfululizo, sawasawa, bila uzi hata mmoja, vimenyooka kuliko ambavyo mtu angevinyoosha kwa rula.

"Umenyooka," alisema, na ilikuwa kweli.

Fundi alitabasamu na kunyoosha mkono ili arudishiwe kazi yake. Mkono ulisubiri upande usio na mtu. Na hapo ndipo ganzi ya miezi minne ilipomwachia Mama Taa, bila heshima, kama mguu uliokaliwa unavyoachiwa, kwa maumivu. Aliumia kifuani hasa, mpaka akashika ukingo wa meza ya kukatia. Alichokuwa nacho mkononi ni simu. Akaifungua taa, akaishusha kutoka mia hadi arobaini, kwa mara moja.

Chumba kilitulia. Macho yake yalipumzika kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Aliona kila kitu vizuri kabisa: chaki, futi iliyojikunja, pini zilizotapakaa sakafuni, mvi za mumewe zilizoongezeka bila yeye kuziona katika mwanga ule mkali.

"Umeme umekatika?" Fundi aliuliza.

"Umeme upo."

"Mbona giza?"

"Hii ni arobaini. Ndiyo uliyokuwa ukishonea mwaka jana ukasema ni ya kifalme." Aliiweka simu juu ya meza ya kukatia. "Nilikuwa nikiongeza, Fundi. Kutoka dukani, kwa simu. Ile siku uliyofunika cherehani sikuweza kuvumilia, nikaongeza. Kisha nikaongeza mbili kila Jumatatu. Leo imefika mwisho. Uliponiomba sasa hivi sikuongeza kitu, hakuna cha kuongeza. Na hicho kizibao hakina uzi."

Fundi alikichukua kizibao alipoguswa nacho mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye mstari, kuanzia kwenye kola, polepole, tundu baada ya tundu, hadi pindoni.

"Na siku ile kwa daktari," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Mimi nilidhani ni dawa." Hakupaza sauti. "Nimemwambia kila mtu ni dawa."

Mama Taa alikuwa akilia sasa, kwa sauti, na hakujaribu kujizuia. Fundi alimwacha alie. Alikikunja kizibao mara mbili, akakiweka juu ya cherehani, akakaa na mikono mapajani akitazama mbele yake, mahali ambapo palikuwa na ukuta.

"Hospitali wanafungua saa ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Saa mbili."

"Basi saa moja tuwe pale mlangoni." Aliinuka, akasukuma kiti kwa nyuma ya goti, akasimama bila kupiga hatua. "Nishike mkono kwanza," alisema. "Nitoe humu."